Glasi Tatu Mezani: Mwongozo wa Kuonja na Kulinganisha Mivinyo Myekundu Myepesi ya Ufaransa

Aliyewahi kula zambarau ambayo haijaiva sawasawa ana nusu ya elimu inayotakiwa hapa. Utamu hutangulia. Uchachu hufuata na kuyatoa mate. Mwisho ulimi hukauka na kukwaruza kana kwamba umelamba msasa. Hilo la mwisho ndilo ukakasi: ndizi mbichi inao, bibo linao, chai iliyosahaulika kwenye majani inao pia. Anayeweza kuvitenga vitatu hivyo mdomoni anaweza kuonja mvinyo wowote mwekundu, hata kama hajui neno moja la Kifaransa.

Mwongozo huu ni kwa msomaji anayekunywa mvinyo na angependa kuujua kabla ya kuumaliza. Wengi wetu hufungua chupa moja, tukanywa, tukatoa hukumu ya neno moja: mzuri, au mkali. Hukumu hiyo haina msingi kwa sababu glasi moja haina ya kupimwa nayo. Weka glasi tatu mbele yako, kila moja na mvinyo wake, na ghafla utaanza kusema mambo: huu una rangi hafifu kuliko ule, huu unakausha ulimi, ule unanukia pilipili hoho. Ladha hujulikana kwa kulinganishwa. Na mivinyo myekundu myepesi ya Ufaransa ndiyo darasa zuri la kuanzia, kwa kuwa ukakasi wake ni mdogo na hauchoshi ulimi mapema, na tofauti zake ni za wazi.

WEPESI NI WA NINI?

Wepesi tunaouzungumzia si wa kilevi. Mingi ya mivinyo hii ina kilevi cha asilimia 12 hadi 13, na ya miaka yenye jua kali huzidi hapo. Wepesi ni wa rangi na wa mwili. Ukiinamisha glasi juu ya gazeti, vichwa vya habari vinasomeka kupitia mvinyo. Ukinywa, hausikii uzito wa kitu kinachokaa mdomoni kama uji. Ufaransa ina ndugu zake wazito, kama Cahors na Madiran za kusini-magharibi, ambazo rangi yake ni damu ya mzee na ukakasi wake hauna masihara. Hao tuwaache kwa siku nyingine.

Sababu ya tofauti hii ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kupika chai. Zabibu nyekundu nyingi, ukizikamua, hutoa maji yasiyo na rangi. Wekundu na tanini, yaani dutu inayoleta ukakasi, hutoka hasa kwenye maganda, pamoja na mbegu na vikonyo. Mtengenezaji huacha maji na maganda vikae pamoja vikichachuka, kama unavyoacha majani kwenye birika. Dakika mbili hutoa chai ya rangi nyepesi. Robo saa hutoa chai inayofunga ulimi. Basi mvinyo huwa mwepesi kwa njia tatu: zabibu yenyewe ina ganda jembamba au rangi haba, hali ya hewa ni ya baridi na huacha uchachu mwingi ndani ya tunda, au mtengenezaji ameamua kutoloweka sana. Mara nyingi zote tatu huenda pamoja.

ZABIBU NNE ZA KUZIFAHAMU

Kabla ya kwenda dukani, jua kwamba Wafaransa huandika mahali kwenye lebo. Jina la zabibu mara nyingi halimo. Chupa iliyoandikwa Chinon haitakuambia kwamba ndani yake mna Cabernet Franc. Inadhania unajua. Herufi AOC, au AOP, zina maana kwamba mvinyo umetoka eneo lililotajwa na kufuata kanuni zake. Ukikariri maeneo machache yafuatayo, rafu ya duka itakuwa kitabu kinachosomeka.

Ya kwanza ni Gamay, zabibu ya Beaujolais, eneo la vilima lililo kati ya Mâcon na Lyon. Mwaka 1395 Mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, aliamuru mizabibu ya Gamay ing'olewe katika ardhi yake kwa madai kwamba inatoa mvinyo mbaya. Kusini kidogo, kwenye udongo wa graniti wa Beaujolais, zabibu hiyo hiyo ilipata makao yanayoifaa. Rangi yake ikiwa changa ni zambarau kweli kweli, uchachu wake unachangamsha, ukakasi wake ni wa kugusa tu. Lebo zina ngazi tatu: Beaujolais, Beaujolais-Villages, na juu yake vijiji na vilima kumi vinavyoitwa cru: Brouilly, Côte de Brouilly, Régnié, Chiroubles, Morgon, Fleurie, Moulin-à-Vent, Chénas, Juliénas na Saint-Amour. Angalia mtego huu: chupa za cru nyingi hubeba jina la mahali pake tu, na neno Beaujolais halionekani kwa urahisi.

Beaujolais ina pia utaratibu wake wa kuchachusha, na ukiujua utaelewa harufu yake. Vichala hutiwa vizima ndani ya pipa kubwa bila kupondwa. Vya chini hupasuka kwa uzito wa vya juu, maji yake yanachachuka na kutoa hewa ya kabonidioksidi inayojaza pipa. Punje za juu zikikosa oksijeni huanza kuchachuka zenyewe kwa ndani, ganda likiwa bado zima. Matokeo ni matunda mengi puani na ukakasi kidogo ulimini. Katika Beaujolais Nouveau, mvinyo wa wiki chache tu unaotolewa kila Alhamisi ya tatu ya Novemba, njia hii huweza kuleta harufu ya ndizi mbivu na peremende. Usishangae ukiisikia. Si marashi ya mtu aliyepita.

Ya pili ni Pinot Noir ya Bourgogne. Ganda lake ni jembamba, rangi yake ni ya punje za komamanga, na sifa yake haiko katika nguvu. Iko katika harufu inayobadilika glasini dakika baada ya dakika: matunda mekundu mwanzoni, kisha udongo uliolowa, uyoga, majani makavu. Bei zake ni za juu kwa sababu ardhi ni ndogo na wanaoitaka ni wengi duniani kote. Kwa kuonja, huhitaji majina makubwa. Chukua iliyoandikwa Bourgogne tu, au Hautes-Côtes de Beaune, au Givry. Nje ya Bourgogne, Pinot Noir nyepesi hupatikana Alsace na katika Sancerre nyekundu.

Ya tatu ni Cabernet Franc ya bonde la mto Loire: Chinon, Bourgueil, Saint-Nicolas-de-Bourgueil na Saumur-Champigny. Wenyeji wa huko huiita Breton. Alama yake ni harufu ya majani mabichi na pilipili hoho, na wakati mwingine ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Mizabibu iliyo kwenye mchanga na changarawe karibu na mto hutoa mvinyo mwepesi wa kunywewa mapema. Ile ya miteremko ya mawe laini ya chokaa, ambayo wenyeji huyaita tuffeau, hutoa wenye mifupa zaidi. Muuzaji anayejua kazi yake atakuambia chupa yake ni ya wapi.

Ya nne ni Poulsard ya Jura, karibu na mpaka wa Uswisi, hasa Arbois na kijiji cha Pupillin. Rangi yake ni hafifu kiasi kwamba asiyeijua hudhani ni mvinyo wa waridi. Wakati mwingine inafanana na ganda la kitunguu. Usiidharau kwa sura. Huko Jura, waonjaji mara nyingi huanza na mivinyo myekundu kabla ya myeupe, kinyume cha desturi ya kwingine, kwa kuwa nyeupe za huko ndizo zenye nguvu.

KUANDAA MEZA

Saa. Waonjaji wengi hupendelea asubuhi kabla ya chakula cha mchana, kama saa tano, tumbo likiwa halijajaa na pua ikiwa haijachoka. Ukishindwa, jioni kabla ya kula inafaa. Baada ya pilau haifai.

Hewa. Siku hiyo usifukize udi, usijipake marashi, usikaange vitunguu. Harufu ya mvinyo mwepesi ni ya kunong'ona, na udi hupiga kelele.

Glasi. Zote ziwe za aina moja, maana umbo la glasi hubadilisha harufu na utakuwa unalinganisha glasi badala ya mvinyo. Ipo glasi ya kuonjea iliyokubaliwa kimataifa tangu miaka ya 1970, yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, inayobeba sentilita 21 na kidogo. Usipoipata, tafuta yoyote inayobana mdomoni. Mimina sentilita 5 tu, ili ubaki na nafasi ya kuzungusha. Kwa kipimo hicho chupa ya sentilita 75 hutosha watu 15, kwa hiyo marafiki sita wakichanga wanaweza kuonja mivinyo mingi kwa gharama ndogo.

Joto. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kanuni ya zamani isemayo mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba ilitungwa kwa nyumba za mawe za Ulaya kabla ya vipasha joto vya kisasa. Haikuijua sebule ya pwani yetu mwezi wa Februari. Mivinyo hii myepesi inataka nyuzi 12 hadi 15. Chupa iliyokaa kwenye joto la nyuzi 30 iweke katika friji saa mbili hivi, au katika ndoo yenye maji na barafu kwa dakika 15. Barafu tupu bila maji haipoozi haraka, kwa sababu haigusi chupa yote.

Vifaa vidogo. Karatasi nyeupe ya kuweka chini ya glasi, maji ya kunywa, mkate mtupu wa kusafisha ulimi, kalamu, na chombo cha kutemea. Kutema si utovu wa adabu. Ndivyo wafanyavyo waonjaji wa Kifaransa wenyewe wakiwa kazini. Piga hesabu: glasi tatu za sentilita 5 kwa mizunguko mitatu ni sentilita 45, zaidi ya nusu ya chupa. Aliyemeza zote, hukumu yake ya mzunguko wa tatu si ya ulimi tena. Na hata aliyetema, asiendeshe gari kurudi nyumbani.

Kufunika chupa. Wahenga walisema, akipenda, chongo huita kengeza. Ukiona lebo yenye jina kubwa, ulimi wako utaanza kuitetea. Mwambie mtu mmoja afunike chupa kwa karatasi au soksi na kuziandika A, B na C. Hata rangi nayo hudanganya. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo: waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, na wanafunzi wakaueleza kwa maneno yatumiwayo kwa mvinyo mwekundu. Ikiwa waliosomea kazi hiyo walipotoshwa na macho, mimi na wewe tusijiamini. Ukiwa na Poulsard mezani, jaribu kuionja kwenye kikombe kisichopitisha mwanga.

HATUA ZA KUONJA

1. Tazama. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Andika rangi kwa maneno unayoyajua: zambarau, komamanga, chai ya rozela, ganda la kitunguu. Mvinyo mchanga huelekea zambarau. Kadiri unavyozeeka, ukingo wake hugeuka rangi ya tofali.

2. Nusa kabla ya kuzungusha. Harufu nyepesi kabisa huondoka kwanza. Kisha zungusha glasi taratibu, uinuse tena. Pua huchoka haraka, kwa hiyo nusa mara mbili tatu fupi, pumzika, urudi.

3. Piga funda dogo. Liache litembee mdomoni kama sekunde kumi, kisha vuta hewa kidogo kupitia midomo, kama mtu anywaye uji wa moto. Hewa hiyo hupandisha harufu kutoka nyuma ya koo hadi puani. Ukitaka kuona kazi yake, ziba pua kwa vidole wakati wa kuonja: utabaki na uchachu na ukakasi tu, na matunda yote yatatoweka. Achia pua, yatarudi.

4. Tenganisha. Jiulize maswali mawili. Mate yanatiririka pembeni mwa ulimi? Huo ni uchachu. Fizi na ulimi vinakauka na kukwaruza? Huo ni ukakasi. Tanini zimeshikana na protini za mate na kuyaondolea ulaini wake. Mivinyo hii kwa kawaida haina sukari ya kuhisika, kwa hiyo utamu unaoudhani ni wa matunda unayoyanusa.

5. Tema, kisha hesabu. Hesabu sekunde ambazo ladha inabaki mdomoni. Wafaransa wana kipimo chake, caudalie, na moja ni sawa na sekunde moja. Nne ni chache, kumi ni nyingi.

6. Andika kabla ya kusema. Hili ni sharti. Katika kila kundi kuna mwenye sauti nzito, na akishasema "nasikia karafuu" kila mtu atasikia karafuu. Chora safu sita: rangi, harufu, uchachu, ukakasi, urefu, hukumu. Uchachu na ukakasi vipe alama, 1 hadi 5.

7. Rudi nyuma. Ukimaliza A, B na C, onja tena C, B na A. Mvinyo wa kwanza siku zote huonekana mkali kwa sababu ulimi ulikuwa mtupu; kurudi nyuma huurudishia haki yake.

Kuhusu maneno ya harufu, vitabu vya Kifaransa vitakutajia cheri na rasiberi. Kama hukukua na cheri, neno hilo halikusaidii kukumbuka chochote. Tumia ghala lako mwenyewe: zambarau, forosadi, komamanga, rozela, karafuu, pilipili manga, pilipili hoho, udongo ulionyeshewa na mvua ya kwanza. Neno zuri ni lile litakalokurudishia mvinyo ule ule kichwani baada ya miezi sita.

MIZUNGUKO MITATU

Mzunguko wa kwanza: chupa moja, viwango vitatu vya joto. Anza hapa hata kama una fedha ya chupa moja tu. Nunua Beaujolais-Villages. Mimina sehemu katika chupa ndogo tatu: moja itoke moja kwa moja kwenye friji, moja iwe ya nyuzi 13 au 14, moja ibaki na joto la nyumba. Waonjeshe wenzako bila kuwaambia. Wengi wataapa kwamba ni mivinyo mitatu. Wa baridi sana unaficha harufu na kuuchongoa uchachu. Wa joto unanukia kilevi na kuonekana mlegevu. Wa katikati umekaa sawa. Ukishaliona hili, hutamlaumu tena mtengenezaji kwa kosa la mhudumu wa meza.

Mzunguko wa pili: zabibu tatu. Weka Beaujolais ya cru, Bourgogne ya Pinot Noir na Chinon, zote za mwaka mmoja kama inawezekana, zote kwa joto moja. Kazi yako ni kuzitambua. Rangi inayong'aa kwa uzambarau na matunda yanayoruka puani huelekeza kwenye Gamay. Rangi ya komamanga na harufu isiyotulia, leo tunda kesho udongo, ni Pinot. Majani mabichi, pilipili hoho na ukakasi uliozidi kidogo ni Cabernet Franc. Ukiwa na nafasi ya glasi ya nne, ongeza Poulsard. Itakufundisha kwamba rangi hafifu na ladha hafifu ni mambo mawili tofauti.

Mzunguko wa tatu: zabibu moja, vilima vitatu. Huu ni wa walioshiba miwili ya mwanzo. Chukua Fleurie, Morgon na Moulin-à-Vent, za mwaka mmoja. Zote ni Gamay, na vijiji vyake vimepakana au kukaribiana kiasi cha kutembelewa siku moja. Fleurie, juu ya graniti yenye wekundu wa waridi, hujulikana kwa harufu ya maua na ulaini. Morgon, hasa ya kilima cha Côte du Py chenye mawe ya bluu yaliyomeguka, ina mwili zaidi na huvumilia miaka, hata wenyeji wameunda kitenzi, morgonner, kwa mvinyo unaokomaa kwa tabia hiyo. Moulin-à-Vent, iliyopewa jina la kinu cha upepo kinachosimama huko hadi leo, iko juu ya graniti yenye madini ya manganizi, na ndiyo yenye ukakasi mzito kuliko wenzake. Utatoka hapo ukijua kwamba wepesi nao una ngazi.

Unapotaka kujua kama kweli unatofautisha au unabahatisha, fanya jaribio la glasi tatu zenye mivinyo miwili: mbili zimetiwa mvinyo mmoja, ya tatu mwingine. Taja iliyo tofauti. Mwenye kubahatisha hupata mara moja kati ya tatu. Rudia mara nne. Anayepata zote nne kwa bahati tu ana nafasi moja kati ya 81. Ukifaulu hapo, ulimi wako unasema kweli.

MVINYO UKIWA NA KASORO

Usiuhukumu mvinyo mgonjwa kana kwamba ni mzima. Harufu ya boksi lililolowa au ya chumba chenye kuvu hutokana na kizibo kilichoharibika. Haitibiki, chupa irudishwe dukani. Harufu ya siki au ya rangi ya kucha ni dalili kwamba bakteria wamefanya kazi wasiyotumwa. Harufu ya zizi la farasi hutoka kwa aina ya chachu. Kidogo wengine huipenda, ikizidi huua matunda. Harufu ya yai la kuchemsha au kiberiti kilichozimwa, ambayo Poulsard huwa nayo mara kwa mara, haina haja ya kukutisha: zungusha glasi kwa nguvu, subiri dakika kumi, mara nyingi huondoka. Kuhusu punje ndogo zilizotuama chini, hizo si ugonjwa. Mimina taratibu uziache kwenye chupa.

BAADA YA KUONJA

Kilichobaki kipelekwe kwenye chakula, kwa kuwa mivinyo hii ilizaliwa mezani. Katika mikahawa ya kienyeji ya Lyon, Beaujolais huletwa katika chupa nene ya kitako kizito iitwayo pot, yenye sentilita 46, pamoja na soseji na vyakula vya nyama. Kwenye Loire, Chinon hukaa na jibini ya mbuzi. Jura wana jibini yao ya Comté. Kwa meza ya nyumbani, kumbuka kanuni mbili. Ukakasi mdogo huruhusu hata samaki, jambo ambalo mvinyo mzito hauliwezi. Pilipili kali huchochea moto wa kilevi, kwa hiyo kuku wa kuchoma na ndimu atapatana na Fleurie vizuri kuliko mchuzi unaotoa jasho.

Chupa iliyofunguliwa irudishie kizibo, iweke friji, na uionje tena kesho yake na keshokutwa, ukiandika. Pinot nyingine hufunguka siku ya pili. Nouveau mara nyingi huwa imeshasema yote siku ya kwanza.

Ukiniuliza chupa moja ya kuanzia, nitakujibu bila kusita: Fleurie, iliyopoozwa, isiyozidi miaka mitatu. Lakini usiinunue peke yake. Nunua na Chinon, mwite rafiki mchangie gharama, mfunike chupa, na kila mmoja aandike hukumu yake kabla ya soksi kuvuliwa. Kisha itunze ile karatasi. Mvinyo utaisha jioni hiyo hiyo. Karatasi ndiyo utakayokwenda nayo dukani mara ijayo.